Mikono ya Chumba cha Giza

Picha ya kwanza kutoka kwenye printa ilitoka imelowa. Ingekuwa imelowa wino, mtu angeelewa. Hii ililowa maji kwenye kona moja, na Amha alipoinyanyua, matone yakadondoka mezani.

Amha aliitazama dari kwanza. Dessie ni mji wa ukungu na mvua, na dari kuvuja si habari ya kumsimulia mtu. Lakini dari ilikuwa kavu. Akaifuta picha kwa mkono wa sweta lake, akaipeperusha, akasema mashine mpya zina mambo yake. Printa ile alikuwa ameitoa Addis Ababa mwenyewe, ameipakata kwenye basi njia nzima kama mtoto mchanga, na hakuwa tayari kusikia ubaya wake siku ya kwanza.

Mama yake, Yeshimebet, aliipokea karatasi akainusa. Ilinuka siki.

Harufu hiyo aliijua kuliko manukato yoyote. Ndiyo harufu ya dawa za kusafishia picha, aliyoivuta tangu alipoolewa na Wubishet mpiga picha mpaka Wubishet akafa na kumwachia studio, mtoto, na kifua kibovu. Lakini dawa hazikuwamo tena humo. Chumba cha giza kilikuwa kimevunjwa, kikawa chumba cha printa. Mabeseni aliyachukua jirani ya kunyweshea kuku, kuta zilipakwa rangi nyeupe, na pale palipokuwa na ukuta mtupu Amha alikuwa ametoboa dirisha kubwa, jua likawa linaingia bila hodi. Siki itoke wapi?

Hakuuliza. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka haokoti kila kinachoanguka.

Picha yenyewe ilikuwa ya Amha, amesimama mlangoni mwa studio anacheka, nyeusi na nyeupe safi kabisa, ila shavu lake la kushoto lilikuwa na giza kidogo. Amha alisema atarekebisha. Mama akamwambia aiache tu, ametoka vizuri, wakaibandika ukutani.

Msidhani Yeshimebet alikililia chumba cha giza. Wapo watu, hasa wale wasiowahi kutumbukiza mkono humo, wanaosema picha za zamani zilikuwa na roho. Yeye vidole vyake vilikuwa vimepasuka, kucha zimegeuka kahawia, na usiku alikohoa mpaka jirani akagonga ukuta. Amha alipomwambia kwamba sasa atakaa kwenye kiti na picha itatoka yenyewe, alitamani kulia kwa furaha. Alitaka kupumzika, basi.

Lakini jina la studio lilijengwa humo gizani, na waliolijenga ni wafu. Dessie mtu akifa picha yake hukuzwa, hutiwa kwenye fremu, na siku ya kilio ndugu huibeba kifuani mbele ya watu, wakiisemesha na kuilaumu, mbona umetuacha. Baadaye hutundikwa sebuleni, na hapo ndipo marehemu anapoishi miaka yote inayobaki. Picha hizo zilitoka kwa Wubishet. Watu walimletea vijipicha vya kitambulisho vilivyochakaa mfukoni, akavipiga upya na kuvikuza, na bado nyuso zilitoka ziking'aa, zimetulia, utadhani mtu ameamka usingizini bila deni la mtu. Waislamu kwa Wakristo, wote walimwendea yeye.

Siri yake, alikuwa akisema, ni viganja. Gizani mwanga ukiipiga karatasi, karatasi huwa nyeusi, kwa hiyo anayetaka uso ung'ae huukinga kwa kiganja ili mwanga usiushibe. Kivuli cha mkono ndicho kinacholeta weupe. Alimfundisha mkewe namna yake: dole gumba likunjwe ndani, kidole kidogo kiachiwe, mkono usitulie mahali pamoja. Yeshimebet alijifunza, na watu walisema mkono wake haukupishana na wa mumewe.

Na kila asubuhi kahawa ikiiva, kikombe cha kwanza, abol, Wubishet alikichukua akakiweka chumba cha giza nyuma ya mabeseni. Cha pili na cha tatu walikunywa watu wa nyumbani. Alipokufa, Yeshimebet akaendelea. Hakuwahi kuuliza ni cha nani. Kila nyumba ina mambo yake, na kikombe kimoja cha kahawa hakimfilisi mtu. Chumba kilipovunjwa, mabeseni ya kukiweka nyuma yake hayakuwapo tena, akaacha.

Kazi ya kwanza ya kweli ya printa ilikuwa ya mzee Seid, muuza ngozi, aliyefariki baada ya kuugua muda mrefu. Binti yake alileta picha, Amha akaiingiza kwenye kompyuta, akaisafisha mikwaruzo kwa ustadi, na uso wa mzee ukang'aa kwenye kioo. Kwenye karatasi ukatoka umefunikwa na giza. Amha akaongeza mwanga, akatoa nyingine. Giza lile lile. Akaongeza tena mpaka kanzu ya mzee ikawa nyeupe isiyo na mshono wala mkunjo, lakini uso ulibaki shimoni. Kila karatasi ilitoka na unyevu, na chumba kizima kilinuka siki, dirisha likiwa wazi na jua limejaa.

Binti Seid aliipokea picha, akaitazama, akasema taratibu, "Mbona mmemzika baba yangu kabla sisi hatujamzika?" Akaenda studio nyingine.

Amha aliona aibu mpaka akashindwa kula. Mama yake alibaki na zile karatasi zilizoharibika, akazipanga mezani moja baada ya nyingine, kwa mazoea tu, jinsi alivyozipanga zamani zikauke. Hapo ndipo alipoona kwamba giza lile lina kingo. Lilikuwa na umbo. Dole gumba limekunjwa ndani, kidole kidogo kimeachiwa.

Akageuka kuitazama picha ya Amha ukutani. Giza lililokuwa shavuni lilikuwa limepanda, limelifunika jicho la kushoto lote, na ncha za vidole zilikuwa zinaligusa la kulia.

Jioni ile Amha aligonga bega kwenye mlango aliouzoea tangu anatambaa. Kesho yake alimwaga mchuzi wa shiro akitafuta sahani iliyokuwa mbele yake. Akauliza mbona taa za nyumba hii siku hizi hafifu. Ilikuwa mchana, na hakuna taa iliyowashwa.

Walikwenda hospitali. Daktari alimmulika macho, akayasifu. Walikwenda kanisani kwa maji ya baraka, alfajiri na baridi yake, Amha akimwagiwa huku meno yanagongana, na mama amesimama pembeni ameshika taulo anaomba kwa watakatifu wote anaowajua. Giza likaendelea kumwingia mtoto kutoka pembeni kuja katikati. Alikuwa kijana wa mzaha, na kwa siku za mwanzo aliendelea na mzaha wake. Alisema sasa amekuwa mpiga picha wa kweli, anaona nyeusi na nyeupe tu. Halafu akasema nyeupe imeanza kwisha. Baada ya hapo hakutania tena, akawa analala ameukabili ukuta.

Mchana mmoja, Amha akiwa amelala, Yeshimebet aliingia peke yake kwenye chumba cha printa. Alitaka kuing'oa mashine ile kwenye umeme na kuitupa bondeni, na kama ndiyo ilikuwa dawa angeitupa kwa mikono yake. Alipofunga mlango nyuma yake akasikia maji. Yalikuwa maji ya beseni linaloinamishwa polepole upande huu na upande ule, sauti aliyoishi nayo miaka yote ya ndoa yake, na pale mezani hapakuwa na beseni, palikuwa na kompyuta iliyozimwa na jua juu yake, na bado maji yaliendelea kwenda na kurudi, na koleo likagongwa ukingoni kukung'uta tone la mwisho, na siki ikapanda mpaka machozi yakamtoka, na printa, ambayo hakuna aliyeigusa, ikaanza kuvuta karatasi ndani taratibu, na juu ya karatasi ile, mchana kweupe, kivuli cha mkono kikawa kinacheza bila mkono wowote wa kukileta, kikienda na kurudi bila kutulia, dole gumba limekunjwa, na karibu kabisa na sikio lake mtu akashusha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyesimama kazini tangu asubuhi na hajaambiwa akae.

"Nani?" alinong'ona.

Pumzi ikashushwa tena. Na jambo lililomtisha kuliko yote ni kwamba aliifahamu pumzi ile. Alikuwa ameisikia gizani maisha yake yote, akadhani ni yake mwenyewe.

Alimwendea Zeyneba. Huyo aliishi upande wa sokoni, mwanamke mnene mwenye meno ya mirungi na ulimi usiochagua, na yeye ndiye watu waliyemwita kuongoza dua za kahawa penye jambo zito. Alipomwona Yeshimebet mlangoni alisema Mkristo akija kwake ujue kasisi kashindwa. Lakini alivaa shela lake akamfuata bila kutaja malipo, na njiani alimshika mkono kwenye matope.

Zeyneba alikaa katikati ya chumba cha printa, akatafuna, akanusa. Hakuitazama printa hata mara moja. Alitazama pembe palipokuwa na mabeseni.

"Nani alikuwa anawekewa kahawa hapa?"

"Sijui. Marehemu ndiye aliyeanza, mimi nikaendelea."

"Vikombe vingapi?"

"Kimoja. Abol tu."

Zeyneba akaacha kutafuna. "Miaka yote hiyo, abol tu? Wewe mtoto wa huku kwetu Wollo, mgeni akishakunywa abol kwako anaweza kunyanyuka akaenda zake?"

"Hawezi," alisema Yeshimebet. "Mpaka anywe bereka." Alipokwisha kulitaja jina la kikombe cha tatu, cha baraka, kile kinachompa mgeni ruhusa ya kuondoka, akaelewa, akaketi chini.

"Basi mumeo hakuwa mjinga," alisema Zeyneba. "Alimkaribisha jini, akamfungia hapo kama punda wa kinu. Kila asubuhi amekaribishwa upya, hajaagwa hata siku moja."

Yeshimebet aliuliza kama jini limekasirika, kama linamlipiza Amha kwa sababu ya chumba kuvunjwa au kahawa kukoma. Zeyneba alitikisa kichwa. Halina hasira hata kidogo, alisema. Limechoka, nalo linafanya kazi liliyofundishwa.

Hapo Yeshimebet aliyaona yote kwa mpigo, akayasema kwa sauti ya chini, ili Amha asisikie chumba cha pili. Gizani jini lilikinga nyuso kwa kiganja, na nyuso zikatoka nyeupe. Sasa hakuna giza, hakuna mwanga wa kukingwa, karatasi inapokea wino, na jini halijui. Linaweka kiganja pale pale lilipokiweka siku zote. Zamani kivuli chake kilileta weupe. Sasa kivuli ni kivuli. Na kwa zote zilizotoka kwenye printa, picha ya Amha ndiyo pekee ya mtu aliye hai, mwenye macho ya kuzibwa.

"Nimwambie kazi imekwisha?"

"Jini haliambiwi. Huagwa. Vikombe vyote vitatu, kwa heshima, na wewe mwenyewe ndiye wa kumimina." Zeyneba akatema majani ya mirungi. "Ila sikiliza. Anayeondoka huondoka na mikono yake. Kila mahali alipoiweka, ataiondoa."

"Kila picha?"

"Mimi picha sizijui. Najua mikono."

Alimwacha na maneno hayo, akaahidi kurudi kesho yake.

Yeshimebet alikaa sebuleni chini ya picha ya Wubishet. Alikuwa ameisafisha mwenyewe, wiki ile ya msiba, huku analia mpaka haoni karatasi, mikono inamtetemeka ovyo. Ikatoka picha bora kuliko zote alizowahi kutoa, mume wake anamtazama kwa huruma. Miaka yote alijivunia kwamba mapenzi ndiyo yaliyomshikia mkono siku ile. Sasa alijua nani aliyemshikia, na aliumia kama mtu aliyegundua kwamba barua ya mapenzi aliandikiwa na karani.

Akawafikiria wengine. Kila mtaa wa Dessie ulikuwa na sebule yenye uso uliotoka kwenye chumba chake. Alimfikiria Debritu, jirani wa chini ya mteremko, ambaye mwanawe wa pekee alikwenda vitani na hakurudi hata mfupa; alichobaki nacho ni ile picha, na kila Jumapili aliipangusa na kuisalimu. Watu hao hawakumkosea. Walimwamini, wakamletea nyuso za wapenzi wao. Angeweza kuwauliza, lakini angewauliza nini? Nani angekubali?

Kutoka chumba cha pili Amha aliita. "Mama, kumekucha au bado?" Ilikuwa saa nane mchana.

"Bado, mwanangu," alisema. "Lala." Na alipokwisha kusema uongo ule alijua ameshachagua, na kwamba alichagua tangu zamani, na mama yeyote angechagua hivyo, na hilo halikumsaidia kitu.

Kesho yake walitandika majani mabichi sakafuni, wakatundika blanketi dirishani, na kile chumba cheupe kikawa cheusi tena. Yeshimebet alikaanga kahawa juu ya makaa, akaitwanga, akaichemsha. Zeyneba alifukiza ubani, akaomba dua kwa sauti ya kukwaruza. Amha alilala chumba cha pili, mlango umeegeshwa.

Abol aliiweka pembeni, pale pale pa zamani. Maji yakaanza kuinamishwa. Zeyneba akamwashiria asiogope, ingawa mkono wake mwenyewe ulikuwa umekaza shela.

Akaongeza maji, akachemsha mara ya pili. Tona, kikombe cha pili, aliimimina polepole, na alipoiweka chini sauti ya beseni ikakatika ghafla, mtu akawa ameacha kazi kusikiliza. Yeshimebet alitamani asimame akimbie kwenye ukungu wa nje, aache vyote, lakini mtoto alikuwa nyuma ya mlango ule.

Kahawa ya tatu ikaiva, nyepesi, karibu maji. Aliimimina, akakishika kikombe kwa mikono miwili, jinsi anavyopewa mgeni wa heshima.

"Umetufanyia kazi," alinong'ona. "Mume wangu hakukuaga, na mimi sikujua. Umechoka. Hata mimi nimechoka. Kunywa bereka uende salama."

Mikono ikaja juu ya mikono yake. Ilikuwa baridi na imelowa, ngozi imepasukapasuka vidoleni mahali pale pale ilipopasuka ya kwake, na dawa ikaingia kwenye nyufa zake ikamchoma, naye hakuthubutu kuitoa, kwa kuwa mikono ile ilikuwa inatetemeka, ikikishika kikombe kama kitu kilichongojewa hata kikakatiwa tamaa, na kikombe kikawa chepesi, chepesi zaidi, mpaka kikawa kitupu, na pumzi ikashushwa mara moja, ndefu, ikapita shavuni mwake ikielekea mlangoni. Blanketi likaanguka lenyewe. Siki ikakatika, pakabaki ubani na kahawa.

"Mama," Amha aliita, sauti imepanda. "Mama, naona mlango."

Alimkimbilia. Alimshika, akamwonyesha vidole, akamwonyesha kikombe, dirisha, kuku wa jirani, na Amha aliviona vyote huku analia na kucheka. Zeyneba alikunja shela lake akaondoka bila kuaga. Hakutaka kuwapo kwa yanayofuata.

Baadaye Yeshimebet aliingia sebuleni. Kwenye fremu ya Wubishet suti ilikuwapo, tai ilikuwapo, na juu ya kola palikuwa na weusi mtupu, weusi wa karatasi iliyoshiba mwanga bila kukingwa. Akafungua kabati akatoa filamu yake, akaiinua dirishani. Ilikuwa angavu kama maji matupu, haina sura ya mtu.

Kilio cha kwanza kilitoka nyumba za juu. Cha pili kikaitika kutoka upande wa msikiti. Halafu vingi, mtaa baada ya mtaa, vilio vya msiba mbichi, kwa watu waliozikwa zamani.

Mlango ulipogongwa alikuwa Debritu, na fremu kaikumbatia kifuani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na haya, kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Etiye Yeshi, dada yangu, mwanangu hana uso. Nimekaa nijikumbushe, nashindwa, kumbe nilikuwa nakumbuka picha tu. Wewe ndiye uliyemsafisha. Niambie, alikuwaje?"

Yeshimebet alitafuta. Nyuso zilizopita mikononi mwake zilikuwa nyingi mno, na hakuupata hata mmoja. Akatafuta wa Wubishet, akidhani huo angalau ni wake, akakuta suti na tai.

Amha alikuja nyuma yake, akipepesa macho kwa mwanga, akauliza kuna nini.

"Baba yako alikuwaje?" mama alimuuliza.

"Baba?" Amha alianza kucheka, akakatisha. Akafikiri. "Watu walisema tumefanana," alisema mwishowe.

Basi akamgeukia mwanawe, akamshika uso kwa mikono yake yote miwili, akautazama, paji, pua, kidevu, akautazama muda mrefu, na huko nyuma watu wakawa wanapanda mteremko kwenye ukungu, kila mmoja na fremu yake kifuani. Debritu alisubiri kizingitini. Yeye hakuwa na mtoto mwingine wa kumtazama.